Wamarekani walivyolima mpaka ardhi ikapaa: vumbi la miaka ya 1930 (uzi mrefu kidogo)

Mpiga Haro:

Wakuu, habari za wikiendi. Juzi kwenye ule uzi wa vuli kugoma kuna mdau kaandika ukame ukija ardhi inakufa, ndo mipango ya Mungu, hakuna cha kufanya, na watu wakamwagia like kibao. Mi nilikausha tu maana pale pangegeuka ugomvi. Leo nina nafasi, ngoja niwaletee kisa cha Marekani miaka ya 1930, ile wanayoita Dust Bowl (bakuli la vumbi), halafu mniambie aliyeua ile ardhi ni mvua au ni nani.

Fungua ramani ya Marekani, tafuta pale Kansas, Colorado, New Mexico, Texas na Oklahoma zinapokaribiana. Tambarare tupu, miti ya kuhesabu, upepo haulali, mvua kwa mwaka haifiki milimita 500. Yaani iweke Dodoma halafu iongezee barafu wakati wa baridi. Kabla ya wakulima kufika kulikuwa na nyasi fupi, sehemu kubwa ya huo mmea iko chini ya ardhi, mizizi imesukana kama mkeka. Juu yake wanatembea baisani (nyati wa Amerika) mamilioni na watu wa Comanche na Kiowa wanawawinda. Ukame ulikuwa unakuja, tena wanasayansi waliosoma pete za miti ya kale wanasema kulikuwa na ukame wa miongo na miongo, mbaya kuliko huu tunaouongelea. Nyasi inakauka juu, mizizi inabaki imekamata udongo, mvua ikirudi inachipua maisha yanaendelea.

Miaka ya 1870 jeshi likawasukuma wenyeji kwenye maeneo waliyotengewa, wawindaji wa ngozi wakamaliza baisani, wakaja wafugaji wakubwa wa ng'ombe, na baadae wakulima. Serikali ilikuwa na sheria ya 1862 ya kugawa ekari 160 kwa familia, mwaka 1909 wakaona kule kwenye ukavu hazitoshi wakapandisha hadi 320. Sasa ekari 320 kwetu wewe ni bosi, ila kwenye ukame ule ilikuwa njaa tupu, unatakiwa uwe na ng'ombe na eneo kubwa sio ngano. Ila madalali wa viwanja na watu wa reli walishawaaminisha kwamba mvua hufuata plau, yaani wewe geuza ardhi tu mawingu yatakuja yenyewe. Na bahati mbaya miaka kadhaa ikanyesha vizuri kweli, watu wakaamini.

Halafu ikaja vita ya kwanza ya dunia, ngano ya Urusi ikakosa njia ya kutoka, bei ikapanda ikapita dola 2 kwa busheli (kama kilo 27 hivi). Hapo kila mtu akawa mkulima. Natafuta chai, nakuja.

Tikiti Maji:

Nipo siti ya mbele mkuu. Hiyo ya madalali nimeielewa kabisa, mi nililiwa 2019 na hesabu za heka moja milioni nane 😂 endelea

kijukuu_cha_bibi:

Mwaga vitu mwalimu. Ila usije ukaishia njiani kama wale wa "itaendelea"

Mpiga Haro:

Nimerudi.

Vita ikaisha, bei ikaanza kuporomoka. Akili ya kawaida inasema bei ikishuka punguza kulima, si ndio? Sasa vaa viatu vya yule jamaa. Ana trekta ya mkopo, ana kombaini ya mkopo, shamba limewekwa rehani benki. Marejesho hayashuki bei ikishuka. Kama jana ulikuwa unalipa deni kwa busheli 500 na leo bei imekuwa nusu, unahitaji busheli 1000. Unazitoa wapi? Unavunja pori lingine. Jirani nae anavunja. Ngano inazidi kujaa sokoni, bei inashuka tena, mnavunja tena. Kati ya 1925 na 1930 huko kusini tu walivunja ekari zaidi ya milioni 5 za nyasi ambazo hazijawahi kuguswa na jembe. Wengine hata hawakuwa wakaazi, ni walimu na wenye maduka wa mjini, anakuja na begi anapanda anaondoka, anarudi kuvuna. Ndo wale wakulima wetu wa simu, tena hao hawakuwa hata na msimamizi wa kumpigia.

Na plau yenyewe. Walikuja na ile ya disiki zilizopangwa mstari mmoja, inapita haraka, inamaliza eneo kubwa kwa siku, magugu yanakufa. Tatizo inasaga udongo unakuwa kama unga wa sembe. Mabua waliyochoma baada ya mavuno yasingeweza tena kuukinga. Shamba linakaa wazi kabisa, limelainika, linasubiri upepo tu.

1931 wakavuna ngano mpaka ikakosa pa kuwekwa. Bei ikaenda senti 40 kwa busheli, kwingine chini ya hapo, gharama tu ya kulima haikurudi. Wengi wakakunja mikono, wengine wakatelekeza mashamba vilevile bila hata jani juu yake. Na ndo hapohapo mvua zikakata.

Angalia hiyo tarehe wakuu. Mvua zimekata ardhi ikiwa IMESHAVULIWA NGUO.

Nyuki Mweusi:

Mkuu naona unataka kuutetea ukame kama wakili wake. Miaka minane bila mvua ya maana, joto la kuua, hata hiyo nyasi yako ingekufa. Hivi vitu vinatokana na bahari, mimi nimesoma, Pasifiki ikipoa na Atlantiki ikichemka mvua za pale katikati zinakata. Hakuna plau iliyopoza bahari.

Mpiga Haro:

Nyuki umesema kweli kabisa kuhusu bahari, na sibishi, ukame ulitoka huko. Na kuna watafiti wanaosema lile vumbi lenyewe likining'inia angani lilizidi kukausha hali, kwahiyo ukame ulipata na msaidizi. Ila nijibu hili, miaka ya 1950 pale pale ulipiga ukame mwingine mkali, Texas mpaka leo wazee wanauhadithia. Vumbi lilikuwepo ndio, lakini halikuwa la kufuta miji. Bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyokuwa wanalima. Ntafika huko.

Sasa vumbi lenyewe. Mwaka 1932 wakahesabu dhoruba kubwa 14, 1933 zikawa 38. Mei 1934 upepo ukanyanyua udongo wa tambarare za kaskazini ukausafirisha mpaka New York na Washington, taa zikawashwa mchana, na mabaharia walioko Atlantiki wakakuta vumbi kwenye sitaha za meli zao. Umbali kama wa Dar mpaka Johannesburg jamani, udongo unasafiri bila nauli.

Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 ndo kubwa lao. Asubuhi ilikuwa nzuri, anga safi, watu wakaenda kanisani, wengine wakatoka kutembea. Mchana joto likashuka ghafla, ndege wakaanza kupita makundi makundi wanakimbilia kusini, na nyuma yao ukuta mweusi unatembea juu ya ardhi. Haikuwa kiza cha jioni, walioipitia wanasema mtu unanyoosha mkono huuoni. Wengi walipiga magoti wakijua ni kiama. Mwandishi mmoja wa Associated Press, Robert Geiger, alikuwa kwenye gari huko njiani, kwenye taarifa yake ya siku iliyofuata ndo likatokea hilo jina la Dust Bowl.

Kwa wakina mama humu, maisha ya ndani yalikuwa hivi: shuka zinaloweshwa maji zinatundikwa madirishani kuchuja, jioni zimekuwa matope. Sahani na vikombe vinapangwa mezani vikiwa vimefunikwa kifudifudi, unavigeuza ukiwa tayari kupakua, na bado ukitafuna ugali wao ule meno yanasaga mchanga. Asubuhi ukiamka kwenye mto pana mahali peupe pamoja tu, pale kichwa kilipolala. Na umeme! Vumbi kavu likisuguana angani linazalisha umeme, seng'enge zinatoa cheche, ukimpa mtu mkono unarushwa, magari yanazima injini katikati ya safari, ikabidi waburuze minyororo nyuma ya gari ili umeme uende chini. Watoto na wazee wakafa kwa nimonia ya vumbi. Msalaba Mwekundu wakagawa barakoa za bandeji.

shangazi_wa_moro:

Jamani hiyo ya mto imeniondolea usingizi 😭 Sasa hawakuhama?

Mpiga Haro:

Walihama shangazi. Mpaka 1940 watu kama milioni 2 na nusu walikuwa wameondoka kwenye majimbo ya hizo tambarare, wengine laki kadhaa wakaishia California kuvuna matunda ya watu. Huko wakapewa majina ya kejeli, na mwaka 1936 polisi wa Los Angeles wakapangwa mpakani kuwarudisha wasio na hela. Wamarekani kwa Wamarekani, wazungu kwa wazungu. Ila wengi zaidi walibaki, hilo watu husahau. Wakalisha ng'ombe magugu ya miiba yaliyokaushwa na chumvi. Serikali ya Rais Roosevelt ikanunua ng'ombe mamilioni, waliokonda sana wakapigwa risasi wakafukiwa, waliobaki wakawa nyama ya kugawa.

Na mambo ya kuita mvua wakafanya. Kuna waliotundika nyoka waliokufa kwenye fensi tumbo likitazama juu. Dalhart, Texas, walichangishana wakampa jamaa baruti alipue angani. Ndugu zangu wa kule kwetu msichekwe tena, wenzenu walitumia baruti.

Tikiti Maji:

Nimecheka kwa sauti kwenye daladala 😂😂 kwahiyo mganga wa mvua alilipwa?

Mpiga Haro:

Alilipwa, na bahati yake kukaanguka kibaridi na theluji kidogo akaondoka na sifa. Waganga ni walewale.

Mwana wa Mumbuni:

Hamjambo, naandika kutoka Machakos. OP (mwenye uzi), hadithi ni tamu lakini umeacha kipande chetu. Hilo vumbi la Oklahoma lilitufikia sisi Ukambani, si kwa upepo, kwa makaratasi. Wakoloni miaka hiyo ya 30 walikuwa wanasoma habari za Amerika wakaingiwa na hofu, wakatazama milima ya Machakos ikiwa na makorongo mekundu wakasema ona, Mwafrika na ng'ombe zake wataleta jangwa. Hawakusema kwamba ardhi nzuri ilishachukuliwa na masetla na Wakamba wamefungiwa kwenye hifadhi yao na mifugo yote ndani. 1938 wakaanza kukamata ng'ombe kwa nguvu ili wapunguze, na kwa bahati nzuri ya mtu fulani kulikuwa na kiwanda kipya cha nyama cha Liebig's pale Athi River kinachotaka ng'ombe wa bei rahisi. Watu wetu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakatembea kwa miguu hadi Nairobi kwenda kumwona gavana, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Aliyewaongoza Muindi Mbingu akashikwa akapelekwa Lamu, lakini ule mpango wa kuchukua kwa lazima ukavunjika.

Kwa hivyo huko Amerika mkulima mzungu aliyeharibu ardhi alilipwa na serikali arekebishe, huku sisi tulinyang'anywa ng'ombe. Ugonjwa ni mmoja, dawa mbili.

Mpiga Haro:

Mwana wa Mumbuni heshima yako, hiyo ndo nilitaka kuifikia na umeisema kuliko mimi. Na ni kweli kuhusu kulipwa. Kulikuwa na mtaalam wa udongo anaitwa Hugh Hammond Bennett, alipigia kelele mmomonyoko tangu miaka ya 1920 anaonekana msumbufu. Masika ya 1935 vumbi lilipofika Washington ndo wabunge wakamwelewa, tarehe 27 Aprili sheria ya kuhifadhi udongo ikasainiwa, wiki mbili tu baada ya ile Jumapili. Wakaanza kulima kufuata kontua (kukata mteremko, sio kushuka nao), kuacha mabua shambani, kupanda mikanda ya mtama katikati ya ngano, na miti ya kuzuia upepo, kufika 1942 walikuwa wameotesha kama milioni 220. Wakulima waliogoma wakaahidiwa dola moja kwa ekari wakikubali. Dola moja kipindi kile sio ya kuchezea. 1938 udongo unaopeperuka ukawa umepungua kwa karibu theluthi mbili, na MVUA ILIKUWA BADO HAIJARUDI, ilirudi vuli ya 1939. Nyuki uko wapi?

Nyuki Mweusi:

Nipo nasoma. Hiyo ya 1938 kabla ya mvua nakupa, sikuijua. Ila bado nasema bila ukame hilo deni la benki lisingeua mtu.

Mpiga Haro:

Lingechukua muda mrefu zaidi tu. Sehemu ya milimita 450 ukame sio ajali, ni ratiba. Ukipanga shamba lako ukitegemea miaka ya neema pekee, umeshapanga na msiba.

Mgogo Asilia:

Naombeni nafasi na mimi maana mmeigusa Dodoma hapo juu mkapita. Hao hao Waingereza waliowanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha vumbi la Amerika, haikupita hata miaka kumi wakaja kwetu Kongwa kufanya kile kile cha Amerika. Mradi wa karanga. 1947 wameingia na mpango wa ekari milioni 3 na ushee, Kongwa, Urambo na Nachingwea, kisa kule kwao mafuta ya kula yamekuwa adimu baada ya vita. Matrekta ya mitumba kutoka kwenye mabaki ya jeshi, mpaka vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta. Wamekata mapori, mibuyu imewasumbua, nyuki wamewasumbua.

Sasa Ugogo kila mtoto anajua mvua ni ya kubahatisha. Ule udongo wetu mwekundu wenye mfinyanzi, mvua ikinyesha unakaa ukikauka unakuwa saruji. Karanga inazaa chini ya ardhi! Wakati wa kuvuna unataka kuchimba unakuta umepiga zege. Na pale walipofyeka kila kitu vumbi likaanza. Januari 1951 wakatangaza basi, pauni milioni 36 zimeenda. Hakuna Mgogo aliyeombwa ushauri.

Babu alikuwa kibarua pale, alikuwa akisema wazungu walikuwa wanapima ardhi kwa kuruka na ndege. Na wenyewe wanatuambia sisi ndo tunaharibu mazingira.

Mwana wa Mumbuni:

Hapo ndio utajua hawakusoma habari za Amerika, walisoma kichwa cha habari tu.

shangazi_wa_moro:

Na kwetu Uluguru wakalazimisha matuta ya ngazi, 1955 watu wakaandamana mpaka yakamwagika damu. Matuta yenyewe kwenye ile milima udongo mzuri ni mwembamba, ukichimba ngazi unautoa wote unabaki na udongo mfu usiootesha kitu. Bibi alikuwa akiona afisa kilimo anajifungia ndani.

Mwana wa Mumbuni:

Ajabu ni kwamba baadaye Machakos hiyo hiyo watu wamechimba matuta ya fanya juu kwa hiari, vikundi vya mwethya (vya kusaidiana kazi), akina mama mbele, milima ile iliyokuwa makorongo leo ina maembe. Soko la Nairobi lilipokuja na mtu akajua shamba ni lake, hakuna aliyemlazimisha. Fanya juu unachimba mtaro halafu udongo unautupa upande wa juu, ukingo unapanda nyasi za ng'ombe, tuta linajijenga lenyewe kila msimu. Ni kazi ya mgongo lakini.

kijukuu_cha_bibi:

Mimi ni Msukuma, Shinyanga nako usisahau. Wakoloni walifyeka miti kuua mbung'o, halafu pamba ikaja ikamalizia, tukaitwa jangwa. Wazee walikuwa na ngitili, eneo unalifunga mvua ikianza ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi. Vijiji vya ujamaa vikavuruga maana mtu kahamishwa mbali na ngitili yake. 1986 mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipokuja ukarudisha hizo hizo ngitili na miti ikarudi yenyewe, nyingine wala haikupandwa, visiki vilikuwa hai chini.

Swali kwa OP: huko Oklahoma leo ikoje? Maana nasikia bado wanalima.

Mpiga Haro:

Wanalima sana, mahindi kabisa, sehemu ambayo mahindi hayana biashara. Siri ni maji ya chini, kuna hifadhi kubwa ya maji chini ya ardhi inaitwa Ogallala, kuanzia Dakota Kusini hadi Texas. Baada ya vita ya pili zikaja pampu kubwa na ile mitambo ya kumwagilia inayozunguka, ukiwa kwenye ndege unaona maduara ya kijani mpaka mwisho wa macho. Maji yale yalijikusanya kwa maelfu ya miaka na kusini mvua inayorudisha ni kiduchu mno. Magharibi ya Kansas na kaskazini ya Texas kuna visima vimeshakauka, watu wamerudi kwenye kilimo cha kutegemea mvua au wameacha. Nyuki anaweza kuniambia ni bahari tena 😀

Ila sio kote kulikorudishwa plau. Mashamba yaliyoharibika kabisa serikali iliyanunua ikayapanda nyasi, leo ni hifadhi za taifa za nyasi, moja Kansas inaitwa Cimarron, nyingine Colorado inaitwa Comanche. Ndio, Comanche, jina la wale wale waliofukuzwa ili ardhi ilimwe.

Mgogo Asilia:

Basi ni kama kwetu. Sehemu ya yale mashamba ya karanga si ndo leo Ranchi ya Kongwa, ya NARCO (kampuni ya ranchi ya serikali). Nyasi na ng'ombe. Wangetuuliza 1947 tungewaambia bure.

Tikiti Maji:

Nauliza kizembe: mi nina heka 15 Mvomero na jirani ana trekta ya kukodi yenye plau ya disiki, analima kwa elfu 60 heka. Nimuite au nisimuite?

Mpiga Haro:

Muite ila usimwache alime mara mbili halafu apige na haro juu, hapo ndo unga unapoanza. Mwambie apite kukata mteremko asishuke nao, madereva hawapendi maana wanageuza mara nyingi, muongezee elfu mbili tatu atakubali. Mabua ya mahindi usichome na usiruhusu ng'ombe wa watu wamalize yote. Kama unapata mtu mwenye ripa, ile inayochana mstari tu bila kugeuza ardhi nzima, hiyo ni bora zaidi. Mteremko wako ukoje?

Tikiti Maji:

Upande wa mtoni umeshuka haswa, heka kama nne hivi. Ndo nilikuwa nataka kuzifyeka mwezi ujao.

Mwana wa Mumbuni:

Hizo nne ziache na nyasi zake kaka. Funga mbuzi.